Umbali Mmoja, Saa Nyingi: Safari ya Ndege kutoka Nairobi hadi New York

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa jiografia wa shule za sekondari, walimu na wazazi, Mombasa

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi ambao kwa hakika ndio wenye kikao hiki: asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya umbali. Barua ya mwaliko iliponifikia nililiona jambo hilo kuwa jepesi, kwa kuwa nimelifundisha kwa miaka 31 nikiwa na rula, ramani na kipande cha chaki, na sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyelalamika kwamba ni gumu. Kisha nikakumbuka usiku mmoja nyumbani kwangu, mwezi wa Januari mwaka 2020, nilipokuwa nikifunga mzigo wa safari ya kwenda kumtembelea binti yangu Marekani. Mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuvuka miaka themanini, alikuwa ameketi kwenye mkeka na tasbihi yake, akauliza swali moja tu: "Ni mwendo wa saa ngapi?"

Alipata majibu manne. Shemeji yangu aliichukua tiketi, akasoma kwamba ndege itaondoka Nairobi saa tano na nusu usiku na kufika New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akahesabu kwa vidole, akasema kwamba ni saa saba tu, pungufu ya basi la usiku la kwenda Nairobi. Mwanangu wa mwisho alichukua kilomita, akazigawanya kwa kasi ya ndege, akapata saa kumi na tatu na dakika chache. Binti yangu mwenyewe, aliyekuwa kwenye simu, alisema ni saa kumi na tano. Mimi, kwa tabia ya ualimu, nikasema kwamba inategemea, na mama akaniambia kwamba hilo si jibu. Naomba mniruhusu niitumie asubuhi hii kulitetea jibu langu.

Tuanze na lile lisilobishaniwa, yaani umbali wenyewe. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko digrii 1.3 hivi kusini mwa ikweta na karibu digrii 37 mashariki. Uwanja wa John F. Kennedy uko digrii 40.6 kaskazini na digrii 73.8 magharibi. Tufe hili mnaloliona mezani lina kipenyo cha sentimita 30, na uzi huu nikiukaza kutoka nukta moja hadi nyingine, ukaachwa ujitafutie wenyewe njia fupi, unachukua sentimita 28 pungufu kidogo. Kwa tufe la ukubwa huu sentimita moja ni sawa na kilomita 425 za dunia, kwa hiyo mkizidisha mtapata kama kilomita 11,900, na makosa madogo yaliyomo humo ni ya uzi wangu na ya macho yangu. Wapimaji hufanya hesabu hiyo kwa pembe. Pembe kati ya viwanja hivi viwili, ukiwa umesimama katikati ya dunia, ni digrii 106 na nusu hivi. Kila digrii ina dakika 60, na maili moja ya baharini, ambayo ni mita 1,852, iliwekwa ili ilingane na dakika moja ya pembe hiyo. Zidisha 106 na nusu kwa 60, upate maili za baharini 6,390. Zigeuze kuwa kilomita, na ukiongeza marekebisho kwa kuwa dunia si tufe kamili, unafika kwenye takriban kilomita 11,840. Nambari hiyo ndiyo tutakayoishika leo. Ilikuwa hivyo kabla ya ndege kuvumbuliwa na itakuwa hivyo mwakani, tukiacha zile sentimita chache ambazo bahari ya Atlantiki hupanuka kila mwaka, ambazo hakuna kampuni ya ndege iliyowahi kuzitoza nauli.

Sasa tazameni uzi unapita wapi, kwa sababu hapa ndipo wengi hushangaa. Unatoka Nairobi ukielekea kaskazini-magharibi, unapita karibu na Mlima Elgon, unavuka kaskazini ya Uganda, Sudan Kusini, kona ya kusini-magharibi ya Sudan, Chad, Niger, jangwa la Algeria, kisha Moroko, na unaingia baharini karibu na mji wa Safi. Baharini unapita juu ya visiwa vya Azores vya Ureno. Haujaishia hapo: unaendelea kupanda hadi kufika digrii 42 za kaskazini, mamia ya kilomita kusini mwa kisiwa cha Newfoundland cha Kanada, yaani unaipita New York kwa upande wa kaskazini kabla ya kuinama na kuishukia. Mwanafunzi aliyezoea ramani ya ukutani atasema kwamba uzi umepinda. Uzi haukupinda, kilichonyooshwa kwa nguvu ni ramani.

Ramani ile ya ukutani, kama ilichorwa kwa mtindo wa Gerardus Mercator wa mwaka 1569, ilitengenezwa kwa ajili ya mabaharia wenye dira. Ubora wake ni kwamba ukichora mstari mnyofu kati ya bandari mbili, nahodha anaweza kushika mwelekeo mmoja wa dira tangu mwanzo hadi mwisho. Ubovu wake ni kwamba mstari huo mnyofu, kwa safari ndefu, si mfupi. Nilikaa mezani nikaipiga hesabu ya njia hiyo kutoka Nairobi hadi New York. Ingetokea Atlantiki kwenye pwani ya Mauritania badala ya Moroko, nayo ingekuwa na urefu wa karibu kilomita 12,190. Kwa hiyo anayefuata mstari mnyofu wa karatasi anapoteza kilomita 350, ambazo kwa ndege ni dakika 23 hivi na mafuta ya tani kadhaa. Jirani yangu aliyewahi kusafiri alikuwa akiamini kwamba marubani huzunguka kaskazini ili wasikae mbali na nchi kavu. Hilo la kukaa karibu na viwanja nalo limo, na nitaligusa, lakini kupinda kwa mstari kwenye skrini ya kiti hakutokani na woga. Kunatokana na umbo la dunia.

Tumepata umbali. Sasa mwanangu alikosea wapi? Ndege inayofanya safari hii ni Boeing 787, ambayo kampuni yake huiita Dreamliner, na shirika la Kenya Airways lilianza nayo safari ya moja kwa moja kati ya miji hii miwili tarehe 28 Oktoba 2018. Kasi yake ikiwa angani ni kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya 11,840 kwa 900, utapata saa 13 na dakika 9. Hesabu ni safi na nilimpa alama zote. Lakini aliacha neno moja bila kuliuliza: kilomita 900 kwa saa, ukipimwa na nini? Ndege haikanyagi ardhi. Inaogelea ndani ya hewa, na kasi yake ni kasi ya kuipita hewa. Kama hewa yenyewe inakwenda mahali, ndege inachukuliwa nayo au inarudishwa nayo, jinsi ngalawa inavyochukuliwa na mkondo wa maji pale Kilindini.

Na hewa ya kule juu inakwenda kwelikweli. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, ambacho ndicho kimo cha ndege za abiria, kuna mito ya upepo inayotoka magharibi kwenda mashariki ikizunguka dunia nzima. Inazaliwa na tofauti ya joto kati ya nchi zetu za ikweta na nchi za baridi, na mzunguko wa dunia ndio unaoipinda ielekee mashariki. Kwa kuwa tofauti hiyo ya joto inazidi wakati wa majira ya baridi ya kaskazini, mito hiyo huwa na nguvu zaidi Januari kuliko Julai. Kasi ya kilomita 160 kwa saa ni jambo la kawaida ndani yake, na mara nyingine huzidi 300. Mmoja wa watu wa kwanza kuipima kwa makini alikuwa Wasaburo Oishi, mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, ambaye katika miaka ya 1920 alirusha maputo na kuyafuatilia kwa darubini. Alitaka dunia nzima isome matokeo yake, kwa hiyo akayaandika kwa Kiesperanto, lugha aliyotumaini kwamba mataifa yote yatajifunza. Hayakusomwa na wengi. Marubani wa Marekani waliopelekwa kuishambulia Japani mwaka 1944 walikutana na upepo ule kama kitu kipya kabisa, wakashindwa kuelewa kwa nini ndege zao zinasukumwa namna ile. Nalisema hili kwa kuwa tuko katika ukumbi wa Waswahili, na suala la lugha ya kuandikia elimu si geni kwetu.

Ili mwone nguvu ya upepo huo, nawapa mfano mmoja unaojulikana. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, majuma machache tu baada ya safari yangu, dhoruba iliyoitwa Ciara ilikuwa ikipita kaskazini ya Atlantiki. Ndege ya British Airways iliyotoka New York ilifika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 6. Ikipimwa kwa ardhi, kasi yake ilifika karibu kilomita 1,300 kwa saa. Watu wakauliza kama ilivunja ukuta wa sauti. Haikuvunja, wala haikukaribia, kwa sababu ndani ya hewa yake ilikuwa ikienda mwendo wake wa siku zote. Ni hewa iliyokuwa ikikimbia nayo. Na ndege zilizokuwa zikitoka London kwenda New York usiku uleule zililipa gharama ya upande wa pili.

Mabaharia wa mwambao huu wana maneno ya jambo hilo, na nasikitika kwamba vitabu vyetu vya jiografia havikuyachukua. Upepo unaokupiga mbele, kwenye omo ya chombo, ni upepo wa omo. Unaokusukuma nyuma, kwenye tezi, ni upepo wa tezi. Kwenda New York ni kwenda na omo karibu sehemu nzima ya Atlantiki. Tuchukue kwa mfano tu upepo wa omo wa wastani wa kilomita 100 kwa saa katika njia yote. Kasi yako juu ya ardhi inabaki 800, na safari ya kilomita 11,840 inakuwa saa 14 na dakika 48. Ukirudi na tezi ya nguvu ileile, kasi inakuwa 1,000, na safari ni saa 11 na dakika 50. Hapa wanafunzi wa hisabati waniangalie vizuri. Jumlisheni kwenda na kurudi: ni saa 26 na dakika 38. Bila upepo wowote ingekuwa saa 26 na dakika 19. Upepo ule ule, kwa nguvu ile ile, umekunyang'anya dakika 19, kwa sababu ulikaa ndani ya upepo mbaya kwa muda mrefu kuliko ulivyokaa ndani ya upepo mzuri. Anayesema kwamba kinachopotea wakati wa kwenda hulipwa wakati wa kurudi hajaifanya hesabu hii.

Katika hali halisi, wapangaji wa safari hawakubali kupigwa kizembe namna hiyo. Kila siku, kabla ya ndege kuondoka, wanapokea utabiri wa upepo wa vimo vyote na kutafuta njia yenye muda mfupi, ambayo mara nyingi si njia yenye kilomita chache. Wakati wa kwenda watauzunguka mto wa upepo, hata ikibidi waongeze kilomita mia kadhaa. Wakati wa kurudi watautafuta kwa makusudi na kuupanda. Ndiyo maana ndege ya Jumanne haipiti ilipopita ya Jumatatu, na ndiyo maana uzi wangu huu mezani, ambao ndio ukweli wa umbali, pengine haufuatwi na ndege yoyote siku yoyote ile.

Kabla sijaacha upepo, kuna swali ambalo nimeulizwa karibu kila mwaka wa kazi yangu, na najua kuna mmoja wenu anayelo mfukoni. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki. Hapa ikweta inakwenda kilomita 1,670 kwa saa. Kwa nini basi ndege isipande tu juu, isimame, isubiri New York iletwe? Ni swali la akili, msilicheke. Jibu ni kwamba hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege ilikwisha kuwa na mwendo huo kabla haijaanza kutembea kwenye lami. Ukiruka juu ndani ya gari la moshi linalokwenda Nairobi, hushukii behewa la nyuma.

Kuna kitu kingine kinachorefusha njia, nacho hakitoki mbinguni. Mtakumbuka nchi nilizozitaja chini ya uzi. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilipozuka Sudan, anga yake ilifungwa kwa ndege za abiria. Mwezi wa Julai mwaka huo huo serikali ya Niger ilipinduliwa na wanajeshi, na tarehe 6 Agosti wakaifunga anga ya nchi yao, wakaifungua tena tarehe 4 Septemba. Mtu akiangalia tufe ataona maana ya miezi hiyo: kwa muda wa karibu mwezi mmoja, ndege iliyotoka Afrika Mashariki ikielekea kaskazini-magharibi ilikuta milango miwili mipana imefungwa, na kila mzunguko ulikuwa na dakika zake na mafuta yake. Tumezoea kufikiri kwamba juu hakuna mipaka. Ipo, tena inalindwa, na rubani huikabidhi ndege yake kwa waongozaji wa nchi moja baada ya nyingine, kila mmoja akiwa na redio yake na taratibu zake.

Juu ya bahari kuna sharti lingine. Ndege hii ina injini mbili, na sheria inataka kwamba kila wakati iwe ndani ya muda uliowekwa kutoka kwenye uwanja inaoweza kuufikia kwa injini moja. Visiwa vya Azores, ambavyo kwenye tufe letu ni chembe za wino, vina thamani kubwa kwa sababu hiyo. Tarehe 24 Agosti 2001 ndege ya Air Transat iliyokuwa ikitoka Toronto kwenda Lisbon, ikiwa na watu 306, iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki kwa sababu ya bomba lililovuja. Injini zote mbili zikazima, na marubani wakaitelezesha angani kwa karibu dakika 20 hadi kutua Lajes, kwenye kisiwa kimoja cha Azores. Wote walinusurika. Sisemi haya kumtisha mtu.

Nairobi nayo ina neno lake. Uwanja wake uko mita 1,620 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati ule wa New York uko mita 4 tu, kando ya maji. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, bawa linapata kidogo cha kushika, injini inapata kidogo cha kuvuta, na jua la mchana linaizidisha hali hiyo. Safari yenyewe inahitaji karibu tani 85 za mafuta, kwa hesabu iliyotolewa ilipozinduliwa, na mafuta hayo lazima yabebwe yote tangu Nairobi, pale ambapo kubeba ni kugumu. Kuondoka usiku wa baridi kunasaidia. Upepo wa omo ukitabiriwa kuwa mkali, mafuta yanaongezwa, na kinachopunguzwa ni shehena au viti vya abiria. Kwa hiyo upepo ulio juu ya Azores unaweza kuamua kama gunia la mtu litabaki Embakasi. Marubani ni wanne, wakipokezana, na wahudumu wana vitanda vyao vilivyofichwa. Kwa wanaopenda kulinganisha, hii siyo safari ndefu kuliko zote, kwani ya Singapore na New York ina takriban kilomita 15,300 na huzidi saa 18.

Imebaki zamu ya shemeji yangu na saa zake saba. Alisoma tiketi kwa usahihi. Kosa lake ni kudhani kwamba saa mbili zilizoandikwa humo ni za ukuta mmoja. Tiketi huandika saa ya mahali unapoondoka na saa ya mahali unapofika. Januari, Nairobi iko mbele ya New York kwa saa nane. Tulipoondoka saa tano na nusu usiku, New York ilikuwa ni saa tisa na nusu alasiri. Kutoka hapo hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni saa kumi na tano kamili, jibu la binti yangu. Lakini hata hilo lina mtego. Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani husogeza saa zao mbele, na tofauti yetu nao inakuwa saa saba hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Tiketi yenye saa zilezile mbili, ikiwa ni ya Julai, ingekuwa na maana ya saa kumi na nne. Ndiyo maana marubani hawashughuliki na saa za miji. Wana saa moja tu, ile ya dunia nzima, ambayo sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele yake kwa saa tatu daima.

Hapa Mswahili ana mzigo wa ziada. Saa yetu inaanza jua linapochomoza, na inatufaa kwa sababu katika ikweta jua halibadiliki sana mwaka mzima. Niliposhuka New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilitegemea mwanga, nikakuta giza totoro, kwa kuwa Januari kule jua huchomoza baada ya saa moja na robo. Jua lililokuwa limezama Nairobi kabla ya saa moja ya jioni sikuliona tena kwa zaidi ya saa ishirini. Ndege ilikuwa ikilikimbia jua upande uleule ambao usiku unakimbilia. Niliswali isha uwanjani Nairobi, nikalala, nikaamka, nikala, nikalala tena, na kila nilipoinua pazia la dirisha ilikuwa bado ni usiku wa jana. Alfajiri ilitukuta ndege imeanza kuinama.

Na muda ulioandikwa kwenye tiketi hauhesabiwi tangu magurudumu yanapoacha ardhi. Huanzia ndege inapoondoka mlangoni na kuishia inaposimama mlangoni pengine. Ndani yake kuna kutembea polepole kwenye lami, foleni ya kuruka, na kule New York pia foleni ya kutua. Kampuni huongeza dakika za akiba ili ndege isionekane imechelewa. Siku ile rubani alitutangazia kwamba tutakuwa angani kwa saa 14 na dakika 20, na bado tulifika mlangoni dakika chache tu kabla ya saa iliyoandikwa. Kwa hiyo mtu akikuuliza muda wa safari, una haki ya kumuuliza kwanza: wa angani, wa mlango hadi mlango, au wa kutoka kitandani kwangu Mombasa hadi sebuleni kwa binti yangu? Huu wa mwisho ulikuwa saa 29, na ndio pekee ambao miguu yangu inaukumbuka.

Nilirudi baada ya wiki tatu. Safari ya kurudi ilichukua saa kumi na tatu na kidogo angani, zaidi ya saa nzima pungufu ya ile ya kwenda. Nilipomweleza mama, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza mbona nimerudi upesi kuliko nilivyokwenda, wakati njia ni ileile. Nikamwambia kwamba ni upepo: unatoka magharibi, wakati wa kwenda unakupiga usoni, wakati wa kurudi unakusukuma mgongoni. Mama yangu ni mtoto wa baharia. Babu yangu alikwenda na jahazi Maskati na Basra, akiondoka hapa na kusi na kurudi na kaskazi, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuuliza ni maili ngapi hadi Maskati; waliuliza msimu umefika wapi. Akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyezungusha maneno bure.

"Basi ulikwenda na omo ukarudi na tezi," akasema. "Si ungesema hivyo usiku ule?"

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Uzi uko hapa mezani, tufe ni hili, na sentimita moja ni kilomita 425. Mwanafunzi wa kwanza na aje apime kutoka Mombasa hadi mji wowote anaoutaka, kisha atuambie uzi wake umepita juu ya nchi gani.